Ndege inapomwaga mafuta angani, nani anaambiwa?

Mpaka wa Mpondwe hauonekani kutoka juu, lakini siku ya dharura waongoza ndege wa nchi mbili hulazimika kuzungumza

KASESE, Uganda

MTO Lubiriha ndio unaogawa nchi mbili pale Mpondwe. Upande huu ni Bwera, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Ng'ambo ni Kasindi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC). Mama mwenye gunia la maharage au kijana mwenye katoni za sabuni anaujua utaratibu: uhamiaji, forodha, afya, kisha daraja. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo wanaelewana bila mkalimani, wanaoana na kuzikana, lakini karatasi lazima igongwe muhuri.

Kilomita kumi hivi juu ya daraja hilo uko mpaka mwingine, ambao hauna kibanda wala muhuri. Mashariki yake rubani huzungumza na Entebbe, umbali wa takriban kilomita 300. Akishavuka kwenda magharibi, anakuwa ameingia katika eneo la anga linalobeba jina la Kinshasa, mji ulio zaidi ya kilomita 1,600 kutoka hapo. Ndege ya abiria iliyo katika mwendo wake wa kawaida huruka kutoka Kasese hadi Mpondwe kwa dakika tatu hivi, safari ambayo kwa gari huchukua karibu saa nzima.

Anga hiyo si pori. Mtu akichukua uzi na kuukaza juu ya tufe la dunia, ncha moja Nairobi na nyingine Accra, uzi huo utavuka Ikweta karibu na Kikorongo, kusini mwa mji wa Kasese, kisha utapita jirani kabisa na Mpondwe. Ndege hazifuati uzi. Zina njia zao zilizochorwa. Hata hivyo, mfano huo unaonyesha kwa nini mkazi wa Bwera huona mistari myeupe ya ndege zinazotoka Afrika Mashariki kwenda magharibi mwa bara, na nyingine zinazokatiza kati ya kusini mwa Afrika na Ulaya.

Siku za kawaida, makabidhiano kati ya Entebbe na Kinshasa ni ya maneno machache: jina la safari, kimo, saa ya kufika mpakani. Mtihani huja siku ndege kubwa, nzito, iliyojaa mafuta, inapopata hitilafu na rubani akaamua kurudi. Hapo linaweza kuja ombi ambalo waongoza ndege hawalisikii kila siku: ndege inataka kumwaga mafuta.

Kwa nini mafuta yamwagwe

Ndege ya masafa marefu huruhusiwa kupaa ikiwa na uzito mkubwa kuliko ule inaoruhusiwa kutua nao. Boeing 787-8, aina inayotumiwa na Kenya Airways, Air Tanzania na Ethiopian Airlines, inaweza kupaa ikiwa na uzito wa hadi takriban tani 228, lakini uzito wake wa juu wa kutua ni takriban tani 172. Tofauti ni tani 56. Katika safari ya kawaida tofauti hiyo haimsumbui mtu, kwa sababu injini huyachoma mafuta njiani na ndege hufika ikiwa nyepesi.

Tatizo huanza pale safari inapokatishwa mapema. Lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa takriban gramu 800. Kwa hiyo tani 56 ni lita 70,000 hivi, karibu mzigo wa malori mawili makubwa ya mafuta. Ndege ikitua na uzito huo wa ziada, magurudumu, breki na mbawa hubeba mzigo usio wa kawaida, na barabara ya kurukia inayohitajika kusimama huwa ndefu zaidi.

Rubani ana njia tatu. Ya kwanza ni kuzunguka angani hadi mafuta yapungue. Ya pili ni kutua hivyo hivyo na uzito wake, jambo linaloruhusiwa wakati wa dharura, kisha mafundi waikague ndege kabla haijaruka tena. Ya tatu ni kufungua vali zilizo kwenye mbawa na kuyaacha mafuta yatoke nje.

Si kila ndege ina vali hizo. Boeing 737, Airbus A320 na CRJ900 zinazotumiwa na Uganda Airlines katika safari za ukanda huu hazina. Ndege za aina hiyo zina tofauti ndogo kati ya uzito wa kupaa na wa kutua, hivyo hubaki na njia mbili za kwanza. Zenye vali ni zile kubwa, kama Boeing 747, 777 na 787 na Airbus A380. Kwa kawaida humwaga tani moja hadi mbili kwa dakika. Kazi ya kupunguza tani 40 inaweza kuchukua dakika 20 hadi 40.

Mistari myeupe ambayo watu wa Bwera huiona karibu kila siku haihusiani na jambo hili. Ni mvuke wa maji unaotoka katika injini na kuganda kuwa chembe za barafu kwenye baridi ya juu. Kumwaga mafuta ni tukio la nadra, na mara nyingi aliye chini hawezi hata kujua kwamba limetokea.

Sanduku la kilomita 112

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) limeweka utaratibu katika Waraka wake namba 4444, ambao ndio mwongozo wa waongoza ndege duniani. Utaratibu huo unaanza na mazungumzo. Rubani na mwongoza ndege wanatakiwa kukubaliana mambo matatu: njia itakayofuatwa, kimo kitakachotumika, na muda ambao kazi itachukua.

Njia inapaswa kukwepa miji, na ikiwezekana ipite juu ya maji na mbali na mahali penye ngurumo za radi. Kimo kisipungue futi 6,000, sawa na mita 1,800. Sababu yake ni rahisi. Mafuta yanapotoka kwenye bawa kwa kasi hupasuka na kuwa matone madogo mno, na matone hayo yakipewa muda wa kutosha hewani, sehemu kubwa hugeuka mvuke kabla ya kufika ardhini. Ndege ikiwa chini mno, muda huo haupo.

Kisha huja suala la ndege nyingine. Mwongoza ndege huchora akilini sanduku linalotembea pamoja na ndege inayomwaga. Mbele linafika kilomita 19. Kila upande wa njia ni kilomita 19. Nyuma linafika kilomita 93, au umbali wa mwendo wa dakika 15. Ndani ya sehemu hiyo ya nyuma, ndege nyingine ikiwa juu lazima iachane na ile inayomwaga kwa angalau futi 1,000. Ikiwa chini, tofauti iwe angalau futi 3,000, kwa kuwa mafuta hushuka.

Ukijumlisha mbele na nyuma unapata urefu wa kilomita 112 na upana wa kilomita 38. Hizo ni zaidi ya kilomita za mraba 4,000, eneo kubwa kuliko wilaya nzima ya Kasese.

Katika chumba cha kuongozea ndege, kazi hiyo hugawanywa. Mmoja hubaki na rubani redioni, wa pili hushika simu. Ndege zilizokuwa zikija kutua huambiwa zizunguke mahali palipopangwa, au hupewa uelekeo mpya wa kupita pembeni. Zinazotaka kupaa husubiri ardhini. Vituo jirani hujulishwa na kuombwa watangaze kwenye masafa yao, ili hata ndege ndogo ambazo haziko chini ya uongozi wa mtu yeyote zisikie na kukaa mbali.

Baadhi ya mashirika huwataka marubani wasitumie redio kabisa wakati mafuta yanatoka. Ikiwa ni hivyo, pande mbili hukubaliana mapema rubani atabaki akisikiliza masafa gani na ukimya utakwisha saa ngapi. Asiyejua makubaliano hayo anaweza kudhani ndege imepotea.

Kasese na milima yake

Sheria hiyo ikiletwa Kasese, ramani inaanza kuibana.

Kaskazini magharibi mwa mji imesimama Rwenzori, na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, karibu futi 16,800. Mji wenyewe uko kwenye bonde, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba futi 6,000 zikipimwa kutoka baharini, ndege ingekuwa mita 800 tu juu ya paa za Kasese, na ingekuwa chini sana ya vilele vilivyo jirani. Mahali kama hapa mwongoza ndege hawezi kuishika namba ya kitabuni peke yake. Lazima ajue ardhi iliyo chini ya ndege, na katika nchi ya milima ndege inayofuata vyombo hutakiwa kubaki angalau futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu kilicho karibu na njia yake.

Kusini kuna maji, lakini ni maji yenye wenyewe. Ziwa George ni ardhi oevu ya kwanza ya Uganda kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 1988. Ziwa Edward limegawanywa kati ya Uganda na Kongo, na sehemu yake kubwa iko Kongo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambayo ni urithi wa dunia tangu mwaka 1979. Katikati unapita mfereji wa Kazinga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Karibu na hapo ni Katwe, ambako watu huvuna chumvi kwa mikono. Wavuvi, wachimba chumvi, viboko na ndege wa porini wote wanategemea maji hayo.

Tena kuna ndege ndogo. Watalii wanaokwenda Queen Elizabeth au kwa sokwe wa milimani huletwa na ndege nyepesi zinazotua Kasese, Mweya na Kihihi. Hizi huruka chini, marubani wake wakitazama nje kwa macho. Redio za ndege husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlima ukiwa katikati sauti hukatika. Ndege kubwa iliyo futi 35,000 huisikia Entebbe vizuri, lakini kadiri ndege inavyoshuka kuelekea bondeni, ndivyo uwezekano wa kutosikia tangazo unavyoongezeka.

Kisha unakuja mpaka. Kutoka mji wa Kasese hadi Mpondwe ni kilomita 40 na kidogo kwa mstari ulionyooka. Ndege inayorudi mashariki huku ikimwaga mafuta, ikifika juu ya Kasese, nyuma yake bado ina mkia wa kilomita 93. Mkia huo unavuka Bwera, unavuka mto Lubiriha, unaingia Kivu Kaskazini na kufika hadi Butembo. Ndege iko Uganda, sanduku lake liko nchi mbili. Mwongoza ndege wa Entebbe hawezi kuizuia ndege iliyo upande wa Kongo isiingie katika sanduku hilo. Anachoweza ni kumpigia simu mwenzake.

Ziwa Victoria nalo lina wenyewe

Kwa sababu hizo zote, jibu la kawaida la mwongoza ndege kwa ndege kubwa yenye shida juu ya Kasese lingekuwa kuielekeza Entebbe kwanza, na suala la mafuta lisubiri Ziwa Victoria. Entebbe ina barabara ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya mita 3,600, zimamoto, na hospitali za Kampala ziko karibu. Ziwa lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Likilinganishwa na Ziwa Edward lenye takriban kilomita za mraba 2,300, ni bahari.

Lakini nalo si tupu. Kusini magharibi mwa Entebbe viko visiwa vya Ssese, wilaya ya Kalangala, vyenye vijiji na mashamba ya michikichi. Usiku taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa majini. Kampala hunywa maji ya ziwa hilo. Na anga ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa zile zenye radi nyingi duniani, wakati sheria inasema mafuta yasimwagwe karibu na ngurumo.

Mpaka nao unarudi pale pale. Tanzania inaanza kwenye nyuzi moja kusini mwa Ikweta, takriban kilomita 115 kutoka Entebbe. Ndege inayozunguka juu ya ziwa na mkia wa kilomita 93 inaweza kuugusa upande wa Tanzania bila rubani kukusudia, mahali ambapo ndege za Bukoba na Mwanza zinapita. Upande wa mashariki iko Kenya na safari za Kisumu. Kwa hiyo hata jibu rahisi kuliko yote linahitaji simu tatu: Dar es Salaam, Nairobi, na ile ya Kinshasa iliyoanza mambo.

Yaliyotokea Los Angeles

Sheria ikiwa nzuri hivi, kosa linaingilia wapi? Tukio la Marekani linatoa jibu.

Tarehe 14 Januari 2020, Boeing 777 ya Delta, safari namba 89, ilipaa kutoka Los Angeles kwenda Shanghai. Muda mfupi baadaye injini moja ikapata hitilafu na marubani wakaomba kurudi. Mwongoza ndege aliuliza kama wangehitaji kuzunguka ili kumwaga mafuta. Jibu lilikuwa hapana. Alipotaka uhakika zaidi, aliambiwa tena kwamba hawahitaji. Akawaelekeza moja kwa moja kiwanjani, jambo lililokuwa sahihi kwa taarifa aliyopewa.

Hata hivyo mafuta yalimwagwa, ndege ikiwa chini sana na katikati ya jiji. Yalidondoka kwenye shule za mji wa Cudahy na maeneo jirani wakati watoto wakicheza uwanjani. Zaidi ya watu 50, wengi wao watoto, walihudumiwa kwa kuwashwa ngozi na macho na matatizo ya kupumua. Hakuna aliyelazwa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilieleza kwamba waongoza ndege hawakuwa wamearifiwa, na kwa hiyo hawakupata nafasi ya kuipeleka ndege mahali na kimo kinachofaa.

Katika tukio hilo rada ilifanya kazi, redio ilifanya kazi, sheria ilikuwepo na swali liliulizwa. Kilichokosekana ni sentensi moja kutoka chumba cha rubani. Na hilo lilitokea katika anga moja, ya nchi moja, yenye lugha moja.

Pale muda unapokosekana

Upo upande wa pili wa shilingi. Tarehe 2 Septemba 1998, MD-11 ya Swissair, safari namba 111 kutoka New York kwenda Geneva, ilipata moshi katika chumba cha marubani ikiwa karibu na pwani ya mashariki ya Kanada. Iliamuliwa itue Halifax. Ndege ilikuwa juu mno na nzito mno, hivyo mwongoza ndege akaielekeza kuelekea baharini ili ishuke na kumwaga mafuta. Muda mfupi baadaye moto ulishika. Ndege ilianguka baharini na watu wote 229 wakafa.

Wachunguzi wa Kanada walihitimisha kwamba moto ulienea kwa kasi kiasi kwamba hata kama ndege ingekwenda moja kwa moja Halifax isingewahi kutua salama. Lakini tukio hilo liliwaachia marubani duniani somo: kukiwa na moshi au moto, uzito si jambo la kwanza. Ndege ishuke na itue, hata ikiwa nzito.

Matukio hayo mawili yakiwekwa pamoja, yanaonyesha mipaka ya kazi ya mwongoza ndege. Hamwamuru rubani kumwaga mafuta wala hamkatazi. Uamuzi ni wa aliye kwenye usukani, kwa kuwa ndiye anayejua moto uko wapi na injini ina hali gani. Kazi ya aliye chini ni kuuliza mapema, kusikiliza jibu, kisha kusafisha anga ili uamuzi wowote utakaotolewa uwe na nafasi. Swali likichelewa, au jibu likiwa nusu, anayelipa ni mtu wa tatu aliye shuleni, shambani au mtumbwini.

Simu ya kuvuka mpaka

Bwera wanaijua thamani ya simu hiyo kwa njia nyingine. Juni 2019, Ebola ilipokuwa ikiendelea mashariki mwa Kongo, ugonjwa ulivuka na kuingia wilaya ya Kasese. Wagonjwa wakatunzwa katika kituo cha Ebola kilichoandaliwa Bwera. Uganda iliuzuia usisambae, na sababu mojawapo ni kwamba maandalizi yalikuwa yamefanyika kabla, na maofisa wa afya wa pande mbili walikuwa wakipeana taarifa. Virusi havikuheshimu daraja, kwa hiyo taarifa nazo zililazimika kuvuka bila kusubiri muhuri.

Angani, marubani wamejitengenezea njia ya aina hiyo. Katika sehemu nyingi za anga ya Afrika, ikiwamo ya Kinshasa, Shirika la Kimataifa la Mashirika ya Ndege (IATA) huwataka marubani watangaze nafasi yao, kimo na uelekeo kwenye masafa ya 126.9 megahezi, wakisikilizana wao kwa wao. Mpango huo ulizaliwa na udhaifu wa mawasiliano ya redio katika maeneo makubwa ya bara. Ndege inayomwaga mafuta juu ya Rwenzori ingekuwa na sababu zote za kutangaza hapo pia. Lakini tangazo la rubani mwenye dharura, mikono ikiwa imejaa kazi, halipaswi kuwa ndiyo ngao pekee.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na utaratibu wa pamoja. Hadi Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya kurugenzi moja ya usafiri wa anga, na chuo cha urubani kilichoanzishwa Soroti mwaka 1971 kilikuwa cha wote. Baada ya hapo kila nchi ilichukua anga yake. Chuo cha Soroti kipo hadi leo.

Mkataba wa Jumuiya ya sasa, uliosainiwa mwaka 1999, unalirudia wazo hilo katika Ibara ya 92, inayozungumzia mfumo mmoja wa kuongoza ndege za anga ya juu. Wakala wa Jumuiya wa usalama wa anga, CASSOA, ulioanzishwa mwaka 2007, una makao makuu Entebbe, mji ule ule ambao sauti ya mwongoza ndege husikika juu ya Kasese. Na tangu Julai 2022, Kongo ni mwanachama kamili. Kwa mara ya kwanza pande zote mbili za mto Lubiriha ziko ndani ya Jumuiya moja, ardhini na angani.

Mjadala wa anga moja kwa kawaida huzungumzwa kwa lugha ya nauli: njia fupi, mafuta machache, tiketi nafuu. Hizo ni faida za kweli. Lakini suala la kumwaga mafuta linaonyesha faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye tiketi. Kila mpaka wa anga ambao dharura inauvuka unaongeza simu moja, na kila simu ni nafasi ya kuchelewa, kutosikika au kutoeleweka. Anayeongoza ndege Entebbe hufanya kazi kwa Kiingereza, na jirani yake wa Kongo anaishi katika nchi ambayo lugha rasmi ni Kifaransa, hata kama redioni hukutana kwenye Kiingereza cha anga.

Anga moja haitafuta haja ya kuzungumza. Itapunguza idadi ya wanaopaswa kutafutwa. Hadi hapo, mambo yanayoweza kufanyika hayahitaji mitambo ya gharama kubwa: makubaliano ya maandishi kati ya vituo jirani yanayotaja dharura hii kwa jina, laini ya simu inayojaribiwa mara kwa mara, maeneo ya kumwagia mafuta yaliyochaguliwa mapema kwa kuzingatia vijiji, hifadhi na maji ya kunywa, na mazoezi ya pamoja ambayo hayaishii mpakani.

Mwananchi wa kawaida naye ana la kufanya. Akisikia harufu kali ya mafuta ya taa kutoka angani, au akiona utando wa mafuta juu ya maji na majani baada ya ndege kubwa kupita chini isivyo kawaida, aondoe watoto nje, wavue nguo zilizolowa, waoge kwa maji na sabuni, na chombo cha maji kilichokuwa wazi kisitumike. Anayepata shida ya kupumua au macho kuwaka apelekwe kituo cha afya. Kisha saa na mahali pa tukio vifikishwe kwa viongozi wa eneo, ili Mamlaka ya Usafiri wa Anga ijue ilipo ndege iliyopita saa hiyo na nani alikuwa akizungumza nayo.

Swali litakalofuata ni lile lile, kwa Bwera na kwa Kasindi: rubani alisema, na aliyeambiwa alimpigia nani?